Kabla Hujatia Sahihi, na Baada Yake

Ndugu zangu, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma: nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya haki za raia wa kawaida mbele ya sheria. Mazungumzo ya namna hii huanza na katiba, yakapanda hadi kwenye matamko makubwa ya dunia, watu wakapiga makofi. Kesho yake mmoja wao analetewa karatasi na kalamu, anaambiwa "tia sahihi hapa", naye anatia bila kuuliza neno. Mimi nitaanza na hiyo karatasi. Matamko tutayafikia, kwa kuwa yamo mambo ndani yake yanayomfaa mtu siku anayokamatwa, lakini yatakuja mahali pake.

Niseme mapema kwamba kila nchi ina sheria zake. Nitakayoyataja ni yale ambayo nchi nyingi zinafanana. Idadi kamili ya siku, ada na jina la ofisi, hayo utayauliza pale unapoishi.

Wengi wetu hatutapanda kizimbani maisha yetu yote. Lakini hakuna humu ndani mtu mzima asiyetia sahihi. Tunatia tukipanga nyumba, tukichukua mkopo, tukianza kazi, tukiacha kazi, tukifungua akaunti, tukilazwa hospitali. Asiyejua kuandika anachovya kidole kwenye wino. Siku hizi hata kubonyeza "nakubali" kwenye simu, sheria za nchi nyingi zinakuhesabu kuwa umeridhia. Na katika mashauri ya watu wa kawaida ninayokutana nayo, mtu mara nyingi hushindwa muda mrefu kabla hajamwona hakimu. Alishindwa siku ile aliyotia sahihi.

Mwaka 1934 mahakama moja ya juu ya Uingereza iliamua shauri la mwanamke mmoja mwenye mgahawa. Alikuwa amenunua mashine ya kuuzia sigara, ikafika, ikafanya kazi siku chache, ikakwama. Akadai haki yake. Kampuni ikatoa fomu aliyotia sahihi, karatasi ya rangi ya kahawia yenye maandishi madogo, na humo imeandikwa kwamba ahadi yoyote isiyotajwa kwenye fomu haihesabiki. Hakuwa ameisoma. Mahakama haikubisha kwamba hakuisoma, na bado alishindwa: umetia sahihi, imekufunga.

Liko jingine, la mwaka 1970, lililofika hadi ngazi ya mwisho huko huko Uingereza. Mama mjane wa miaka 78, miwani yake imevunjika, aliletewa hati akaambiwa kuwa ni ya kumpa mpwa wake nyumba. Kumbe ilikuwa ya kumuuzia mtu mwingine. Akatia sahihi kwa kumwamini aliyemletea. Shauri lilipofika mwisho yeye alikuwa ameshafariki, na upande wake ukashindwa. Majaji walisema kuikana sahihi yako mwenyewe ni jambo la nadra sana, na asiyechukua tahadhari ya kawaida hapati nafasi hiyo.

Nikisimulia mashauri haya watu husema sheria ni katili. Ni kweli inauma, na nchi nyingi zimepunguza makali yake. Uingereza yenyewe ilitunga sheria mwaka 1977 inayoweza kuyabatilisha masharti ya namna hiyo yasipokuwa ya haki, na sheria za kumlinda mlaji zimeenea duniani. Sahihi iliyopatikana kwa vitisho au kwa ulaghai inaweza kufutwa. Lakini kufutwa huko ni kazi ya mahakama, na ni wewe utakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kuuliza kabla ni bure.

Kwa hiyo haki yako ya kwanza kabisa, ndugu zangu, mnayo kabla kalamu haijagusa karatasi. Una haki ya kuisoma yote. Una haki ya kuomba uende nayo ukamwonyeshe mtu unayemwamini. Anayekuambia "ni utaratibu tu, tia, wenzako wote wametia", mjibu kwa adabu: "Nipe nakala, kesho nitairudisha." Mkataba halali haufi kwa kulala usiku mmoja. Ukiambiwa nafasi itapotea usipotia sasa hivi, hapo ndipo pa kusita zaidi, kwa sababu haraka hiyo ni ya mwenye karatasi, si yako.

Tazama nafasi zilizoachwa wazi. Hili naliona kila mara: fomu ya mkopo ina mahali pa kujaza kiasi, riba na tarehe, panaachwa patupu, afisa anasema atajaza mwenyewe baadaye. Usitie sahihi juu ya utupu. Jaza, au piga mstari ukutane na mwisho wa ukurasa, kisha weka herufi za jina lako kando ya mstari huo. Kurasa zikiwa nyingi, weka alama yako kwenye kila ukurasa, maana ukurasa wa tatu unaweza kubadilishwa na wewe umetia kwenye wa tano tu. Ahadi ya mdomo, "hilo usijali, tutakurekebishia", iombe iandikwe humo humo kwa mkono, mtie sahihi wote wawili pembeni. Akikataa kuandika anachokuahidi, umeshajua thamani ya ahadi hiyo. Halafu usiondoke bila nakala. Mkataba ulioko kwenye kabati la mwenzako peke yake, siku ya ugomvi utakuwa na maneno usiyoyakumbuka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa niingie kwenye udhamini, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu naona watu wema wakiteketea. Shemeji anakuja na fomu ya mkopo. Anasema, "Nitie sahihi hapa tu, wewe ni shahidi." Soma neno lililochapwa chini ya mstari. Shahidi anathibitisha kwamba aliona mtu akitia sahihi, basi. Mdhamini anaahidi kulipa. Ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Ukishakuwa mdhamini, mkopaji akishindwa, deni ni lako, mara nyingi lote, pamoja na riba na gharama za kulidai. Na katika mikataba mingi mkopeshaji halazimiki kumaliza kwanza mali ya mkopaji ndipo aje kwako. Anaweza kuja kwako moja kwa moja, hasa akiona wewe ndiye mwenye mshahara.

Ukiamua kudhamini, na wakati mwingine utaamua kwa sababu ya undugu, uliza mambo machache. Udhamini una kikomo cha kiasi gani? Ni wa mkopo huu tu, au na mingine atakayoichukua baadaye? Utaarifiwa akichelewa rejesho la kwanza, au utasikia baada ya mwaka? Omba majibu yaandikwe. Na ukimlipia, fahamu kuwa kwa kawaida sheria inakupa haki ya kumdai wewe sasa. Tunza risiti za malipo hayo, hata kama mwenye deni ni ndugu wa tumbo moja.

Tukiwa bado kwenye madeni, liko jambo ambalo lingewapa watu wengi usingizi kama wangelijua. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1976, na ambao zaidi ya nchi 170 zimeukubali, unasema katika ibara ya 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Yaani huna, na kwa kukosa huko tu, jela hairuhusiwi. Deni halifutiki. Unaweza kushtakiwa kwa madai, mali yako ikauzwa kwa amri ya mahakama, sehemu ya mshahara ikakatwa. Lakini anayekupigia simu usiku kukuambia polisi wako njiani kwa sababu umechelewa rejesho anategemea hofu yako. Muulize: "Ni kwa amri ya mahakama gani?" Mwombe aiandike.

Kuweni makini na mipaka ya haki hii. Haimlindi aliyekopa kwa hila au aliyetoa hundi akijua akaunti ni tupu, pale ambapo hilo ni kosa la jinai. Haimlindi mwenye uwezo anayekaidi amri ya mahakama. Mzazi anayeweza kumtunza mwanawe naye akakaidi amri ya matunzo asije hapa kuitafutia kinga.

Juu ya kazi nitapita haraka, kwa kuwa kuna wenzangu watakaolizungumza kwa kirefu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara, ule namba 95, unataka mshahara ulipwe kwa vipindi vinavyojulikana, na makato yafanyike kwa masharti yaliyowekwa na sheria au makubaliano ya pamoja, na mfanyakazi ajulishwe. Mwajiri kusema tu "umevunja kifaa, nakata" hakutoshi. Na siku ya kuachishwa utaletewa karatasi inayosema umepokea stahili zako zote na huna dai lolote. Mnaona tumerudi pale pale? Kama hujapokea zote, usiitie sahihi kavu kavu. Andika juu yake kile ulichopokea hasa, na kwamba unaendelea kudai kilichobaki, ndipo utie.

Na mnunuzi? Tunza risiti, lakini usidhani asiyekuwa nayo hana haki. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa kinywaji na rafiki yake. Alisema kwenye chupa ile isiyopenya mwanga kulikuwa na mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakununua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na muuzaji wala mtengenezaji. Alikuwa maskini, akaomba kuendesha shauri lake kama mtu asiye na uwezo. Mwaka 1932 majaji, watatu dhidi ya wawili, wakaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa ajili ya mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajawahi kupeana chochote. Mamilioni ya watu waliodhuriwa na bidhaa mbovu wamepita kwenye mlango uliofunguliwa na mwanamke huyo asiye na senti.

Tuje kwenye kukamatwa. Hapa ndipo ule mkataba wa 1966 unashuka kutoka kwenye rafu ukakaa mkononi mwa mtu. Ibara ya 9 inasema anayekamatwa ajulishwe sababu pale pale anapokamatwa, si baada ya kulala ndani. Inasema aliyeshikwa kwa kosa la jinai afikishwe upesi mbele ya hakimu. Kamati ya Haki za Binadamu inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 2014 kwamba saa 48 kwa kawaida zinatosha, na kuzidi hapo lazima kuwe na sababu ya pekee kabisa. Sheria nyingi za nchi zimeweka muda mfupi zaidi. Ibara ya 14 inasema unahesabiwa huna hatia mpaka ithibitike kisheria, upewe mkalimani bila malipo kama huelewi lugha ya mahakama, na usilazimishwe kujishuhudia mwenyewe wala kukiri.

Basi ukisimamishwa, usikimbie, usisukume, usitukane. Uliza kwa sauti ya kawaida: "Nimekamatwa, au naweza kuondoka?" Ukijibiwa umekamatwa: "Kwa kosa gani? Mnanipeleka kituo gani?" Jina la kituo mwambie mtu yeyote unayemfahamu aliye karibu, maana ndugu zako watapoteza siku nzima wakizunguka kukutafuta. Wakitaka kuipekua nyumba, omba kuona hati ya upekuzi na usome anwani iliyoandikwa. Zipo hali ambazo sheria inaruhusu upekuzi bila hati. Usizuie kwa mwili wako, sema tu kwamba hujaridhia, na hilo neno lako utalihitaji baadaye. Wakichukua vitu, viorodheshwe, nawe uihakiki orodha kabla ya kutia sahihi.

Kisha utakaa kwenye kiti, mbele yako afisa anaandika maelezo yako. Maelezo hayo ndiyo karatasi nzito kuliko zote nilizozitaja leo. Anaandika kwa maneno yake, haraka, wakati wewe umechoka, una njaa, na unataka kurudi kwa watoto. Anageuza karatasi: "Tia sahihi hapa uende." Watu wametia sahihi kwenye kukiri kosa wakidhani wanatia kwenye fomu ya dhamana. Isome. Kama macho hayaoni au hujui kusoma, omba isomwe mbele ya mtu wako. Neno lisilo lako, likatwe na lisahihishwe kabla. Na kama hutaki kusema lolote mpaka upate wakili, sema hivyo wazi: "Naomba kukaa kimya mpaka nipate ushauri." Kukaa kimya si kukiri. Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Miranda la mwaka 1966, iliwalazimisha polisi kumwambia aliyeshikwa kuwa ana haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili kabla ya kumhoji. Ilifanya hivyo kwa sababu haki usiyoijua, ukiwa peke yako kwenye chumba kile, haikusaidii hata kidogo.

Kuhusu wakili kuna mtu mmoja nataka mumjue. Anaitwa Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, Florida, alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Hakuwa na pesa. Akamwambia jaji anaomba wakili, jaji akamjibu kuwa sheria ya jimbo hilo haiwapi wakili watu kama yeye isipokuwa kwenye mashtaka yenye adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi ya magereza, akaiandikia Mahakama Kuu ya Marekani kwa mkono wake, na tahajia zenye makosa. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: mtu maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Shauri lake likasikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili aliyejua maswali ya kumuuliza shahidi, na baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Ushahidi wa upande wa mashtaka uliomfunga mara ya kwanza ni ule ule kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuuhoji.

Nampenda mzee yule kwa sababu alisema ombi lake mahakamani, kwa sauti, likaandikwa kwenye kumbukumbu. Kama angenyamaza siku ile ya kwanza, rufaa yake isingekuwa na pa kushika. Ukinyimwa kitu mahakamani, omba kiandikwe kwamba uliomba na ukanyimwa. Na msikate tamaa na kusema mawakili ni wa matajiri. Tangu mwaka 2012 Umoja wa Mataifa una kanuni zinazozitaka nchi ziweke msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na nchi nyingi zina ofisi za msaada huo, vyuo vikuu vyenye vitivo vya sheria vina meza za ushauri, na wapo wasaidizi wa kisheria wasiotoza kitu. Uliza kwa karani wa mahakama. Karani hawezi kukushauri ushindeje, ila anaweza kukuambia fomu ipi, dirisha lipi, na mwisho ni lini.

Hiyo "mwisho ni lini" ndiyo inayoniuma kuliko yote. Watu wanaletewa wito wa mahakama, wanauweka juu ya kabati. Wengine wanaamini kwamba ukikataa kuupokea, au usipofika, shauri litakufa. Halifi. Ukiwa umeitwa kihalali usijibu wala usifike, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu dhidi yako, hata kama deni ulishalilipa na risiti unayo nyumbani. Hukumu ya namna hiyo inaweza kuombewa itenguliwe, lakini utatakiwa ueleze kwa nini hukuja, na muda wa kuomba nao una mwisho. Rufaa ina siku zake. Madai ya kuachishwa kazi, katika nchi nyingi, yana muda mfupi sana, wiki au miezi michache. Madai ya mikataba yana miaka yake, ikishapita mdaiwa anaweza kusimama na kusema umechelewa, na hakimu akakubali, ingawa kila mtu mahakamani anajua alikula pesa yako. Barua yoyote ya kisheria ikifika, fanya mambo mawili siku hiyo hiyo: andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea na aliyekupa, kisha tafuta ndani tarehe ya mwisho ya kujibu.

Tuna saa moja na nusu ya maswali. Meza ya kushoto wapo wenzangu wawili wanaoshughulikia ajira na upangaji, ya kulia ni madeni na mashauri ya jinai. Waliokuja na karatasi, zitoeni kwenye mifuko sasa. Mwenye barua au wito wenye tarehe ya wiki hii au ijayo apite mbele kwanza. Sisi wengine tutampisha.